Ng'ombe Huyu Si wa Mahari

Rugu, Karagwe,
9 Agosti, 1987.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeshaanua kahawa na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Baba naye kikohozi chake kinaendeleaje? Ameacha kiko kama alivyoahidi mbele ya padre, au amekihamishia tu nyuma ya ghala? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na hao waliokuambia nimekonda waliniona kwa nyuma tu.

Projest, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, nakujua. Soma kilichoandikwa, usiongeze chumvi. Kama Baba amekaa hapo karibu anajifanya hasikii, mwache tu kwa sasa. Pakifika mahali pa kumwondoa nitakuambia.

Mama, salamu zako nilizipata kwa Polikarpi, yule mchuuzi wa samaki wakavu. Pamoja na salamu alinifikishia swali lako, na hakuwa na haya hata kidogo, aliliuliza gulioni mbele ya wanunuzi wake wote. Eti Mama yako anauliza, ni kweli umenunua mume huko Rugu kwa ng'ombe mmoja? Na huyo mume ana meno yote? Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na samaki wake.

Meno anayo yote, Mama. Hilo la kununua ndilo lenye maelezo marefu, na najua ningepaswa kukueleza zamani. Krismasi ile nilipokuja ukaniuliza kama kuna habari yoyote, mimi nikaanza kukueleza habari za kupe. Nisamehe. Leo nakaa kitako nikueleze yote.

Kwanza niseme kazi yangu ni nini, maana nasikia Baba huwaambia watu huko Kaisho kwamba miaka yote ile ya chuo nilisomea kuchunga. Ng'ombe wa mradi wetu hawachungwi, Mama. Wanakaa bandani wanaletewa majani na maji kama wafalme, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Kila mwanamke aliyejenga banda na kupanda majani ya kutosha anapewa mtamba mwenye mimba. Yule mtamba akizaa jike, ndama huyo wa kwanza anapelekwa kwa mwanamke anayefuata kwenye zamu, na huyo naye atafanya vivyo hivyo, mpaka kijiji kizima kiwe na maziwa. Kazi yangu ni kufundisha, kutibu, na kugombana. Watu hapa walikuwa hawajui waniite nani, kwa kuwa walizoea Bwana Mifugo. Mwishowe wakaniita Bwana Mifugo wa Kike, na nimezoea.

Wazee walicheka mpaka wakashikana mbavu walipoona wanawake wanapanda majani. Mtu na akili zake timamu, walisema, asubuhi anang'oa majani shambani na jioni anayapanda! Wanawake waliendelea na majembe yao. Walichimba makingamaji kwenye miteremko, wakapanda mabingobingo juu yake, na mvua ilipokuja udongo wao ukabaki shambani, wa wale wachekaji ukateremka mtoni. Vicheko vilipungua kidogo.

Wa kwanza kwenye zamu alikuwa Mama Kantengwa, mjane ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Nyumba yake iko juu ya kilima na kibanja chake cha migomba kinaizunguka. Anayemfuata ni jirani yake Dafroza, ambaye banda lake lilikuwa zuri kuliko nyumba yake ya kulala. Kantengwa anaishi na mwanawe Athanasi, mtu mzima, mrefu, mwenye haya nyingi, aliyekuwa akifanya vibarua vya kulima. Nilipokwenda kukagua banda lao, huyo Athanasi alikohoa, akatazama vidole vyake, kisha akaniuliza kama ng'ombe wa kisasa anapenda kuimbiwa anapokamuliwa, kwa sababu wale wa marehemu baba yake walipenda. Nikamjibu kwamba chuoni hatukufundishwa. Nikaandika kwamba banda linafaa, nikaondoka zangu.

Siku ya kumleta mtamba, lori la mradi lilikwama kwenye tope bondeni, chini kabisa ya kilima. Dereva wetu Elpidius alipiga makelele akalaani barabara, matairi, na hata waliogundua magari. Ningefanyaje? Nikamteremsha mtamba, nikamshika kamba kwa mkono wangu mwenyewe, nikachuma majani mabichi ya kumbembelezea, tukapanda kilima mguu kwa mguu tukipita katikati ya kijiji. Kwa bahati mbaya sare yangu ilikuwa haijakauka, kwa hiyo nilivaa lile gauni la Pasaka ulilonishonea. Mtamba alikuwa chotara mwekundu mzuri sana, na kijiji kizima kilitoka kututazama.

Tulipofika tukapewa vigoda. Rubisi, pombe ile ya ndizi, ikaletwa kibuyuni na mrija wake. Mzee Mbonimpa, ambaye ndiye msemaji wa shughuli zote hapa, iwe msiba au ubatizo, akasimama akamsifu ng'ombe kuanzia pembe hadi kwato. Nami nikasimama nikasema yale tunayoagizwa kusema: kwamba ng'ombe huyu amekuja kuleta undugu, kwamba wamtunze, na kwamba ndama wake jike wa kwanza atarudi. Watu wakatazamana. Halafu zikapigwa vigelegele ambavyo sijawahi kupigiwa kwa ajili ya kanuni za mradi.

Wewe unajua kilichotokea, Mama, kwa kuwa Bibi mzaa Baba ametoka Rwanda, upande huo huo wa akina Kantengwa. Ng'ombe wa mahari huongozwa kwa kamba. Waliompokea hunywa na kumsifu. Na akizaa, ndama jike hurudishwa kwa wale waliooana, wakaanzie boma lao. Maneno ya mradi na maneno ya mahari yamefanana kama mapacha! Kijiji chote kikaenda kulala kikijua kwamba Bwana Mifugo wa Kike amemtolea Athanasi mahari. Wengine walisema ni aibu, mwanamke kuoa. Wengine wakasema ndiyo elimu.

Nilikuja kujua nilipokwenda kumkagua ng'ombe. Nilimkuta Kantengwa anafagia banda. Aliponiona akatupa ufagio, akajifunika kanga kichwani, akakimbilia migombani kama aliyeona nyoka. Nikapiga hodi, nikaita, hakutoka. Siku nyingine tena vile vile. Mzee Mbonimpa ndiye aliyenifumbua macho. Alisema mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwe aliyetoa mahari, na kwa kuwa mtoa mahari ni mimi, basi mkwe ni mimi, na Kantengwa ni mwanamke wa heshima zake.

Mama, cheka, lakini fikiri. Mwenye ng'ombe ni Kantengwa. Anayepaswa kufundishwa dalili za ndigana ya kupe na ugonjwa wa kiwele ni Kantengwa. Na Sista Eustadia, mkuu wa mradi wetu, ambaye amesomea malisho na hana mchezo, alikuwa amesema wazi: ng'ombe wa kwanza akifa, au ndama wa kwanza asipofika kwa mwenye zamu, mitamba wote wa Rugu watapelekwa Nyakasimbi, ambako mabanda yalikuwa tayari. Wanawake wa Rugu walikuwa wamechimba mpaka viganja vikachubuka. Nami ningewaambiaje kwamba wamekosa ng'ombe kwa sababu mwalimu amekuwa mkwe?

Basi nikaanza kumfundisha ng'ombe. Nasimama bandani, namwambia kwa sauti kubwa: wewe Gaju, maana ndilo jina walilompa, ukiona kiwele chako kina joto na maziwa yana mabonge, usinyonyeshe kwanza, mwambie mwenye nyumba aniite. Na kule migombani nasikia sauti ikiuambia mgomba: wewe mgomba, mwambie mgeni nimesikia, lakini muulize, hayo maji ya kuoshea kiwele yawe ya moto au ya vuguvugu? Namjibu Gaju kwamba ni ya vuguvugu. Mgomba unaambiwa unishukuru. Tukimaliza, inatoka migombani ile salamu yao ya kuombeana makundi ya ng'ombe, Amashyo! Nami naitikia Amashongore, naenda zangu. Wapita njia walidhani sote wawili tumerukwa na akili.

Athanasi hakukimbia. Alikaa kwenye kigoda akiangalia chini kama bwana harusi, anasikiliza kila kitu, na ng'ombe akikamuliwa alimwimbia. Huku nje akina mama wenye wana wakawa wananisalimia kwa adabu mpya. Mmoja wa Nyakasimbi alinitumia habari kwamba kama mradi bado una ng'ombe, mwanawe ni mrefu kumzidi Athanasi na anajua kuendesha baiskeli.

Gaju alizaa Jumapili mchana, katikati ya misa. Athanasi alisimama mlangoni mwa kigango, akashindwa kusema kwa haya, akaanza kunionyesha kwa mikono kitu kinachotoka na kukwama. Kanisa zima liligeuka. Nikatoka mbio na gauni langu. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele. Nikaingiza mkono, nikaunyoosha, lakini kuvuta kulihitaji watu, na aliyekuwepo pamoja na Athanasi ni Kantengwa peke yake. Hakuweza kunitazama, na ng'ombe wake hakuweza kungoja. Akachukua kapu la kuvunia maharage, akajivika kichwani mpaka mabegani, akaja kwa kupapasa, akashika kamba nyuma yangu. Tukavuta sote watatu, mmoja anasali, mmoja anaimba, na mmoja yumo ndani ya kapu. Ndama akatoka, tukaanguka chini wote. Nilipopaza sauti kwamba ni jike, kapu lilipiga vigelegele.

Furaha ile haikudumu. Ndama alipoachishwa maziwa, Kantengwa alifanya alivyoona ni haki. Asubuhi moja nilifungua mlango wa chumba changu nikamkuta Mzee Mbonimpa na wazee wengine wamemleta ndama, amefungwa ua shingoni. Ndiye yule arudiye kwa waliooana, wakasema, mimi na Athanasi tuanzie boma letu. Na nyuma yao, njiani, nilimwona Dafroza amesimama na mzigo wa majani kichwani. Alikuwa amekata majani ya kumkaribisha ndama wake.  Aliweka mzigo chini, akaketi juu yake, akalia. Mama, sijawahi kujiona mtu wa ovyo kama nilivyojiona pale.

Nikisema kwamba hakuna ndoa, Kantengwa asingekubali kukaa na ng'ombe wa watu hata siku moja, angemrudisha kwa aibu, na Athanasi angekuwa kichekesho mpaka uzee. Nikikubali, nimemlia Dafroza ndama wake mchana kweupe. Na Sista Eustadia alikuwa anakuja wiki ile ile.

Nikaenda kwa Mzee Mbonimpa, nikamweleza bila kuficha kitu. Alivuta mrija wake wa rubisi taratibu mpaka nikataka kumnyang'anya. Kisha akasema kwamba ndama ni mali ya mtu aliyerudishiwa, na mwenye ng'ombe hazuiwi kumgawia rafiki. Nikaona mwanga.

Sista alipofika tukakusanyika kwa Dafroza. Kwanza alitaka kumpima Kantengwa kama amefundishika, akamuuliza juu ya kupe, juu ya kiwele, juu ya samadi. Kantengwa alinipa mgongo, akaugeukia mgomba uliokuwa karibu, akauambia majibu yote, moja baada ya jingine, hakukosa hata moja. Sista aliniuliza pembeni kama yule mama ana ugonjwa wa macho. Nikamwambia ni heshima tu.

Kisha nikamshika ndama kamba nikamkabidhi Dafroza. Dafroza akarudi nyuma! Akamkumbatia mwanawe wa pekee, ambaye bado alikuwa ananyonya, akasema kwamba ndama anamtaka sana lakini mtoto hamtoi, hata nikiongeza dume. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sista peke yake alikuwa haelewi, ikabidi aelezwe tangu bondeni kwenye tope, na alipoelewa alivua miwani akafuta machozi. Ndipo Mzee Mbonimpa akasimama na fimbo yake, akatamka maneno ambayo hayakuwa ya mila wala ya mradi, aliyatunga pale pale: ng'ombe huyu si wa mahari, haoi wala haolewi, ni wa maziwa na samadi. Dafroza akarudia, watu wakarudia, akapokea kamba. Tangu siku hiyo hakabidhiwi ng'ombe Rugu bila maneno hayo. Sista ameagiza yasemwe na Nyakasimbi pia. Mitamba wetu walikuja wote, na mgomba wa Dafroza uliopata samadi umezaa mkungu ambao alihitaji kuuegemezea miti miwili.

Sasa Projest, hapa ndipo. Mwambie Baba mbuzi ameingia kwenye maharage. Akishatoka, soma taratibu.

Mama, mwaka huu Gaju amezaa tena, jike tena, na huyu ni wa Kantengwa mwenyewe. Mzee Mbonimpa atakuja Kaisho baada ya mavuno ya kahawa kuzungumza na Baba kuhusu mimi na Athanasi, safari hii kwa njia iliyonyooka, upande wa mwanaume ukitoa. Athanasi aliniomba mwenyewe, kwa mdomo wake, ingawa alikuwa anaangalia ukwato wa Gaju wakati anaomba. Nimekubali. Nampenda, Mama. Sijui nikufichie nini.

Lakini lipo moja nililokuficha, na nilikuwa nimewaficha wote. Lori halikukwama.

Nilimwambia Elpidius azime injini pale bondeni, akapaka matairi tope kwa mikono yake, na zile laana zote nilimhonga kwa mkungu wa ndizi. Na sare ilikuwa imekauka tangu juzi yake. Tangu mtu yule aliponiuliza kama ng'ombe anapenda kuimbiwa, sikupata usingizi mzuri. Nilijua fika ng'ombe akiongozwa kwa kamba na mwanamke aliyevaa gauni la Pasaka watu watasema nini. Nilitaka waseme. Nilitaka jina lake na langu yatajwe kwa pumzi moja, labda angeinua macho. Nilidhani utakuwa utani wa wiki moja. Sikufikiria mama mkwe kukimbilia migombani, na ndama wa Dafroza sikumfikiria kabisa. Mtego niliutega mimi na nikawa wa kwanza kunasa.

Nilipokubali posa, nafsi ilinisuta. Nikaenda bandani kwa Kantengwa, nikamkiri Gaju kila kitu, tope, sare, mkungu wa ndizi, kwa sauti ya kusikika. Migombani majani yakatikisika. Kisha sauti ikasema: wewe mgomba, mwambie mgeni kwamba kutoka kibanjani kwangu bonde lote linaonekana, na siku ile nililiona lori likigeuka na kurudi zake, halina shida yoyote. Mwambie mwanamke anayelizuia lori kwa ajili ya mwanangu, nisingemwachia aponyoke. Kwa nini mgeni anadhani nilijificha vizuri vile, kama mkwe aliyekwisha kupokea mahari?

Basi, Mama, hivyo ndivyo nilivyomnunua mume, na hivyo ndivyo nami nilivyonunuliwa.

Nisalimie Bibi, mwambie shikamoo na kwamba wa kumlaumu ni yeye, maana hadithi zake za ng'ombe ndizo zilizonifundisha. Wasalimie dada Xaveria na wanawe, na majirani wote, isipokuwa Polikarpi akipita, huyo mpe maji tu. Mwambie Baba aanze kujenga banda, apande na mabingobingo, asicheke. Na siku Mzee Mbonimpa atakapopanda kilima chetu akimwongoza ndama kwa kamba, mtu yeyote wa huko aliyesikia yale maneno yetu ya Rugu asiyatamke, nakuomba sana. Huyo ni wa mahari.

Mwanao akupendaye,
Auleria.